Mama ana presha, aache ndizi?
Dada uliyeuliza, mama asiache ndizi, ila kwanza hakikisheni figo zake ziko salama. Ndizi moja mbivu ya ukubwa wa kati ina kama miligramu 420 za potasiamu, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kutoa chumvi ya ziada kwenye mkojo na kulegeza mishipa ya damu. Figo zikiwa dhaifu, potasiamu inajaa kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Tena zipo dawa za presha zinazoizuia isitoke, spironolaktoni ni mojawapo, kwa hiyo muulizeni daktari wake kabla ya kumpa ndizi kila siku.

Kama ana sukari pia, ndizi mbichi za kupika ni afadhali kuliko zile zilizoiva mpaka zikatoka madoadoa meusi, lakini kipimo kiwe kidogo vilevile. Mama yangu nampikia mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, kwa ndizi za kupika aina ya mshare. Nazimenya mikono nikiwa nimeipaka mafuta, utomvu usinigande, nazitia papo hapo kwenye maji zisiwe nyeusi, halafu nazichemsha na nyama mpaka zilainike kabisa, naponda kwa mwiko. Chumvi ni chembe tu, ndimu inaleta ladha. Na hapo kwenye chumvi ndipo wengi tunapoharibu: ndizi imepikwa kwa ajili ya presha, kisha inamwagiwa viungo vya paketi vyenye chumvi tele. Tafadhali dada, hivyo viungo msimwekee.