Kituo cha utafiti wakati wa maradhi: anza na kazi isiyosubiri

Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima na siku chache baadaye mgonjwa wa kwanza akathibitishwa hapa Zanzibar, nilikuwa nasimamia utawala katika kituo kidogo cha utafiti wa maradhi Pemba. Kazi yetu kubwa ilikuwa kichocho na minyoo ya tumbo: kwenda maskulini, kukusanya mikojo na vinyesi, kuvifikisha maabara na kuvipima siku hiyo hiyo. Nawaandikia wenzangu wanaoongoza vituo vya namna hii, kwa sababu maradhi mengine yatakuja, na yaliyotupata sisi hayana haja ya kumpata mwengine.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikaa na orodha ya watumishi nikawapanga kwa vyeo: wakuu wa vitengo waje, makarani wabaki nyumbani, wahudumu wapokezane. Orodha ilipendeza, lakini haikuhakikisha kwamba kila siku yupo mtu anayejua kuwasha jenereta kwa mkono. Umeme wa Pemba tangu 2010 hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na ukikatika, majokofu yetu ya nyuzi 80 chini ya sifuri hutegemea jenereta tu. Usiku mmoja wa masika, saa nane, simu yangu ililia, nikasikia sauti ya mzee wetu wa ulinzi: "Mwanangu, jokofu la pembeni linalia, jenereta haikuwaka, na chumba kimefungwa." Fundi mwenye ufunguo alikuwa na homa, amejitenga kwake Wete. Tulivunja kufuli na kulikuta jokofu bado lina baridi ya kutosha, kwa sababu mzee yule hakungoja kuche. Humo mlikuwa na sampuli za miaka mingi, nyengine za watoto ambao sasa ni watu wazima, na hakuna fedha inayoweza kuzirudisha zile zikiharibika.

Kulipokucha niliichana orodha. Ushauri wangu wa kwanza, kwa hiyo, ni kuanza kwa kuzunguka chumba baada ya chumba na kuuliza: humu asipoingia mtu kwa siku moja, kwa siku tatu, kwa mwezi mzima, kitaharibika kitu gani? Majibu ya swali hilo ndiyo ratiba yenyewe. Kila kazi isiyosubiri ipate watu watatu wanaoijua, wasioishi nyumba moja wala kuwa zamu moja, na mlinzi awe na namba zao zote pamoja na ufunguo wa akiba. Mlinzi, dereva na mfanyakazi wa usafi wahesabiwe miongoni mwa watu ambao kituo hakiwezi kwenda bila ya wao, na barakoa na sabuni ziwafikie wao kabla ya kufika ofisini kwa mkurugenzi.

Tuligawa watumishi makundi mawili yasiyokutana, tukaacha saa nzima baina yao ili madirisha yafunguliwe na meza zifutwe. Hata hivyo haina maana kumweka mtu umbali wa mita moja na mwenzake maabara ikiwa amefika kazini ndani ya daladala iliyojaa. Gari zetu za kwenda shamba zilikuwa zimesimama, basi tukazipangia njia za Wete na Mkoani, watu wanne kwa gari, vioo vimeshushwa. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, tulisogeza zamu ya pili iishe mapema, watu wafike makwao kabla ya kufuturu.

Kwa waliofanya kazi nyumbani, gharama ya bando ilipwe na kituo, na fomu zenye majina ya washiriki zisitoke kabatini hata kwa siku moja. Kinachokwenda nyumbani ni takwimu zenye namba tu. Katika kituo chetu wengi wa waliobaki nyumbani walikuwa kina mama, na skuli zilikuwa zimefungwa. Mikutano tuliyoipanga saa tatu asubuhi iliwakuta wakilisha watoto. Tulipowauliza saa zinazowafaa, wengi walisema usiku, na kazi zao zilianza kuja zimekamilika.

Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri tafiti za kwenda kwenye jamii na ugawaji wa dawa za minyoo na kichocho kwa watu wengi viahirishwe. Wakusanyaji takwimu wetu walikuwa wakilipwa kwa siku, na siku zikawa hazipo. Tuliwaandikia wafadhili kuomba fungu la mafuta na posho za safari ligeuzwe ujira wao. Mmoja alikubali ndani ya wiki moja. Mwengine alitukalisha karibu miezi miwili, na katika muda huo vijana wawili hodari walirudi kuvua. Barua ya namna hiyo iandikwe siku ile ile kazi inaposimamishwa.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa lilitukuta tuliporudi kazini. Katika kipimo cha Kato-Katz, kinyesi kidogo, takriban miligramu 41.7, hutandazwa juu ya kioo na mayai ya minyoo huhesabiwa kwa darubini. Mayai ya minyoo aina ya chango hubaki yakionekana kwa saa nyingi, lakini ya minyoo ya safura huyeyuka machoni kwa sababu ya gliserini inayotumika kukitayarisha kioo, na kioo hakina budi kusomwa ndani ya dakika 30 hadi 60. Zamani wasomaji wanne walikaa bega kwa bega. Sasa walikuwa wawili, kila mmoja mwisho wa meza, nasi tuliendelea kupokea vikopo vile vile 80 kwa siku na kuvitandaza vyote kwa pamoja kama tulivyozoea. Mama mmoja aliyekaa na darubini tangu ujana wake ndiye aliyeshtuka: vioo vya mwanzo vya skuli moja vilikuwa na safura, vya mwisho, vilivyongoja sana kusomwa, havina hata yai moja.

Tokea siku ile mtandazaji hakutayarisha kioo mpaka msomaji amwite, na saa ya kukitandaza iliandikwa kwa penseli pembeni ya kioo. Vikopo vilipunguzwa hadi 40, ingawa ratiba ya utafiti ilirefuka na tulilazimika kuomba muda zaidi. Vioo vya siku mbili tuliviondoa katika hesabu na kueleza sababu katika ripoti, kisha, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi, tukarudi skuli ile kukusanya upya.