Ajenti anasema VGLI ni ghali: hesabu siku 240 kabla hujasaini

SWALI: Mimi ni Mkenya, niko jeshini hapa Fort Hood, Texas, cheo cha E-4, na natoka baada ya miezi mitatu. Nina mke na watoto wawili, na mama yangu yuko Kakamega. Magoti yananisumbua, nina presha, na usiku nalala na mashine ya kupumulia. Ndugu mmoja tunayesali naye, sajini mstaafu, anauza bima ya maisha. Anasema SGLI, bima ya maisha ya serikali kwa askari walio kazini, inakufa siku nikivua magwanda, na VGLI, ile ya waliokwisha kutoka, ni ghali na inapanda kila mara. Anataka niachane na mambo ya serikali nichukue bima yake ya dola 150,000, ambayo anasema inakua kama akiba, kwa dola 310 kila mwezi. Nimsikilize?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, usisaini chochote sasa. Maneno hayo huambiwa karibu kila anayekaribia kutoka jeshini, na wengi huteleza palepale. Wanabishana juu ya bei ya VGLI kabla hawajajua kama kuna kampuni nyingine itakayowakubali.

SGLI haifi siku hiyo. Inaendelea kwa siku 120 baada ya tarehe yako ya kutoka, bila wewe kulipa hata senti. Kuanzia tarehe hiyohiyo hesabu siku 240. Ukiomba VGLI ndani ya siku hizo, hakuna anayekuuliza habari za presha, magoti wala usingizi: unajaza fomu, unalipa malipo ya kwanza, basi. Kuanzia siku ya 241 utatakiwa kuthibitisha afya yako, na wanaweza kukukataa. Ikipita siku ya 485, yaani mwaka mmoja na siku 120, huwezi kuomba tena. Kwa hiyo omba ndani ya zile 120 za kwanza. Anayesubiri hadi siku ya 200 bado hataulizwa afya, lakini tangu siku ya 121 hadi atakapoomba familia yake haina kinga yoyote. Akifa katikati hapo, hakuna cha kudai.

Dhana inayoumiza watu kuliko zote ni hii: "Mimi bado kijana, bima nitanunua wakati wowote." Kampuni binafsi haikuuzii kwa umri peke yake, inakuuzia kwa afya uliyo nayo siku unapoomba. Haijali VA, idara ya serikali inayoshughulikia maveterani, imekupa asilimia ngapi za ulemavu, inachotafuta ni ugonjwa wenyewe. Kwa presha itataka vipimo vyako na dawa unazotumia. Kwa tatizo la kupumua usingizini itauliza kama kweli unaivaa ile mashine kila usiku, na rekodi za mashine zinaonyesha. Wengi wanasahau kwamba lile faili unalolikusanya kwa bidii ili VA ikubali madai yako ndilo faili ambalo kampuni ya bima itaomba ruhusa ya kulisoma. Huwezi kuwa mgonjwa kwenye fomu ya VA na mzima kwenye fomu ya bima.

Na ajenti akikwambia "hiyo ya usingizi tusiiandike", ondoka hapo. Katika miaka miwili ya mwanzo ya mkataba kampuni ina haki ya kuchunguza majibu yako. Ikigundua umeficha jambo kubwa, inaweza kuufuta mkataba na kuwarudishia wanufaika malipo uliyotoa tu. Ajenti atakuwa ameshachukua kamisheni yake.

Ni kweli kwamba malipo ya VGLI hupanda kila miaka 5 kufuatana na umri, na ukizeeka yanakuwa mazito. Kwa kijana mzima asiyevuta sigara, bima ya muda maalum ya miaka 20 au 30 kutoka kampuni binafsi mara nyingi humgharimu kidogo kuliko VGLI kwa jumla. Lakini VGLI inaangalia umri na kiasi cha bima peke yake: mvutaji na asiyevuta, mgonjwa na mzima, wote hulipa sawa. Kwa mtu mwenye rekodi kama yako, hiyo ndiyo faida yake kubwa, na kumwambia aiache kabla hajapimwa na kampuni yoyote ni kumpotosha.

Basi fanya hivi. Leo, ukiwa bado ndani ya SGLI, peleka maombi ya bima ya muda maalum kupitia ajenti anayefanya kazi na kampuni kadhaa, ukijibu kila swali la afya kwa ukweli. Jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukishatoka, jaza VGLI bila kusubiri jibu hilo. Ukipewa bei nzuri na kampuni binafsi, pokea mkataba, usome, lipa, hakikisha tarehe ya kuanza kazi imeandikwa, ndipo upunguze au ufute VGLI. Barua ya kusema "maombi yako yamepokelewa" si bima. Wako watu waliofuta kinga waliyokuwa nayo kwa sababu ya barua ya namna hiyo, kisha wakakataliwa.

Sasa hizo dola 310. Tangu Julai 2025, SGLI ya dola 500,000 inakukata dola 26 kwa mwezi, ndani yake ikiwemo dola 1 ya kinga ya majeraha makubwa. Kwa mwaka ni dola 312. Kwa maneno mengine, anataka ulipe kwa mwezi mmoja karibu kiasi unacholipa sasa kwa mwaka mzima, upate kinga isiyofika hata theluthi ya hiyo. Hiyo "akiba" yake huanza polepole sana, kwa sababu miaka ya mwanzo malipo yako yanaliwa na gharama, na kamisheni ya mwaka wa kwanza kwenye bima za aina hii mara nyingi huzidi nusu ya malipo ya mwaka huo. Ukishindwa kuendelea mwaka wa tatu, makato ya kuvunja mkataba yanaweza kumeza karibu kila ulichoweka. Makato hayo mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15. Kama ni akiba unayotaka, na uko kwenye mpango mpya wa pensheni ya jeshi, kwa miezi uliyobakiza weka asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwenye TSP, mfuko wa serikali wa akiba ya uzeeni, na serikali itaongeza 5 nyingine. Hakuna bima inayokupa hivyo.

Kuna jambo ambalo hakukutajia. VA ikitambua magoti yako kuwa yametokana na utumishi, hata kwa asilimia 0, unaweza kuchukua VALife, bima ya maisha yote ya hadi dola 40,000 isiyouliza afya. Ukifa ndani ya miaka 2 ya kwanza wanufaika hurudishiwa malipo pamoja na riba, baada ya hapo hulipwa kiasi chote.

Ukijaza VGLI, andika wanufaika upya. Mama anaweza kuandikwa hata kama anaishi Kakamega na si raia wa Marekani. Watoto wadogo usiwaandike moja kwa moja bila kupanga msimamizi wa fedha zao, la sivyo malipo yatasubiri mlezi ateuliwe na mahakama. Na wasia haubadilishi jina lililo kwenye fomu. Kwa bima hizi hata hukumu ya talaka ya jimbo haiibadilishi: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1981 katika kesi ya Ridgway, mke wa pili wa askari akalipwa kwa sababu fomu ilisema fedha zilipwe kama sheria inavyoelekeza, na sheria humtanguliza mjane.

Na sasa nawaambia wote mnaosoma, si huyu ndugu peke yake. VA haitumi mawakala kanisani, wala haiidhinishi bima ya kampuni yoyote. Kadi inayofika nyumbani na picha ya tai na maneno "mafao mapya ya maveterani" ni karatasi ya kutafuta wateja. Uifikirie kama ndoano, usiijaze namba yako ya simu. Ndani ya kambi sheria ya mwaka 2006 inamlazimu muuzaji akupe maelezo ya maandishi kwamba ipo bima ya serikali yenye ruzuku, na kwamba serikali haijapendekeza bidhaa yake. Maagizo ya Wizara ya Ulinzi namba 1344.07 yanakataza kuuza mabwenini, kuuza kwa askari waliokusanywa kwa lazima, na kujifanya mjumbe wa jeshi. Mkubwa kumuuzia mdogo wake kwa cheo pia ni marufuku. Ukiona hayo, ripoti kwa ofisi ya mwanasheria wa kambi. Kusali pamoja, kutoka kijiji kimoja au kuvaa magwanda yaleyale si leseni. Muombe mtu namba yake ya leseni, uitafute kwenye tovuti ya idara ya bima ya jimbo; Texas jambo hilo huchukua dakika chache.

Kama umeshasaini, angalia ukurasa wa kwanza wa mkataba: kuna kipindi cha kughairi, mara nyingi siku 10 hadi 30 tangu uupokee, na ukirudisha ndani yake unalipwa chote. Andika barua fupi ya kughairi, itume kwa kampuni yenyewe kwa posta ya kusajiliwa, usimpe ajenti akupelekee. Kusimamisha makato kwenye mshahara peke yake hakufuti mkataba, na siku hizo zikipita hazirudi.