Usione Haya Kunufaika na Wema Wako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji, dada anayefanya kazi katikati ya jiji na kuishi mtaa wa Umoja, akiniuliza kama ni vibaya kujiondoa katika chama chake, kile kikundi cha kuchangiana ambacho kila mwanachama hupokea fedha kwa zamu. Huchangia kila mwezi, jamaa wa kila aina wamelala sebuleni mwake, na simu yake haitulii kwa makundi ya matanga na harusi. Kila anapolalamika huambiwa kwamba huo ndio utu wa Mwafrika na kwamba anayetoa hapaswi kutarajia chochote. Namjibu mbele yenu nyote, kwa kuwa najua wengi wenu mlikuja Nairobi kutafuta kujisimamia kama nilivyokuja mimi, na swali lake ni lenu pia.

Dada yangu, waliokwambia kwamba ukarimu wetu hauna hesabu hawakukwambia kweli. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hawakuona haya kumtaja huyo mwenyeji. Julius Nyerere, alipoeleza misingi ya ujamaa mwaka 1962, alikumbusha kwamba mgeni hukaa siku mbili na siku ya tatu hupewa jembe. Naye Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki mwaka 2022, aliona kwamba kazi ya maadili ni kupatanisha maslahi ya mtu na maslahi ya wenzake, akirejelea methali ya Waakan isemayo kwamba binadamu anahitaji msaada. Anayehitaji msaada ni kila mmoja, akiwemo yule anayeutoa leo.

Mimi sikuyajulia hayo vitabuni. Nilipofika jijini nilipokewa na mama mdogo huko Kayole, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, yeye na mumewe upande wa kitanda, mimi na watoto upande wa jiko. Nilikaribishwa kwa chai na chapati kama mkwe, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimekabidhiwa mitungi ya maji na ufunguo wa kibanda chake cha mboga, nikifungue kabla ya alfajiri. Alihitaji mtu wa kumsaidia, nami nilihitaji pa kulala. Hakuna kati yetu aliyedhalilika, na hadi leo namheshimu kama mama aliyenizaa.

Miaka ya kujifunza ushonaji naipita, haina la ajabu. Niliposimama, nilikuwa na karakana ya sare za shule Gikomba, na sote tunajua jinsi moto unavyolirudia soko lile. Ulipofika kwangu uliteketeza vyerehani vyote pamoja na vitambaa vya kazi ambayo tayari nilikuwa nimelipwa nusu. Bima sikuwa nayo, kwani ni nani angeikatia bima karakana ya mabati?

Chama kilikutana Jumapili iliyofuata. Mweka hazina wetu, mama anayeuza mitumba ya watoto, alifungua daftari lake la jalada gumu, akaweka rula chini ya jina langu na kusoma kwa sauti, mwezi baada ya mwezi, kila nilichotoa na kila faini niliyolipa kwa kuchelewa. Alipofika mwisho aliinua macho na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakukuwa na pingamizi. Mwanachama aliyekuwa na zamu ya kupokea mwezi huo alinipisha, na nilipomshukuru huku nikilia alinikatiza: yeye huniuzia nyuzi na vifungo, na nikianguka mimi, duka lake litayumba. Sijapata kusikia maneno ya heshima kuliko yale. Leo nina vyerehani vingi kuliko vilivyoungua, na nasema hivyo kwa fahari.

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wenye hekima vijijini, kwa kuwa aliamini kwamba hekima ya namna hii ni falsafa kamili na wala haisubiri kuandikwa. Tazama mila ya wafugaji. Miongoni mwa Wapokot, mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mwenzake baadhi yao, na anayewatunza hupata maziwa. Maradhi au wezi wakivamia boma moja, mali iliyoko kwa marafiki husalimika. Tajiri huyo ni mkarimu kweli, na pia analala usingizi.

Sitaficha kwamba nimeumizwa. Kuna jamaa niliyemlaza kwangu muda mrefu, nikamlisha na kumtafutia kazi, na baba yangu alipofariki hakutuma hata rambirambi, ingawa tangu M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 pole haihitaji tena nauli ya kwenda nyumbani. Linaniuma hadi sasa. Lakini angalieni ni nani waliojaza matanga yale: majirani na wanachama ambao wengi wao sikuwahi kuwalaza wala kuwalisha. Ulichotoa hurudi kwa mzunguko, na mara nyingi huletwa na mkono mwingine. Kwa hiyo msipime wema kwa mtu mmoja mmoja, upimeni kwa kundi lote. Acheni pia kumwita bahili kila anayeuliza hesabu! Anayekataa daftari lifunguliwe ndiye anayeua chama, na mgeni anayekataa jembe ndiye anayewafungia mlango wageni watakaokuja baada yake.

Basi, dada yangu, kabla ya kujiondoa, omba katika mkutano ujao michango yote isomwe kwa sauti, jina kwa jina. Wakikataa, maliza mzunguko huu hadi kila mtu apokee zamu yake, kisha uage kwa heshima na utafute chama kingine mapema, ukianza na watu mnaouziana na kununuliana kila siku. Makundi ya matanga ya watu usiowafahamu unaweza kuyaacha leo. Na jamaa yeyote aliyeko sebuleni, mpe ufunguo wa nyumba na zamu ya kupika.