Swali la Lugha: Mjomba anauliza umeme umekatika wapi

SWALI: Ninaishi Chicago. Usiku wa tarehe 10 Mei 2024 nilishuka hadi ufukwe wa Ziwa Michigan nikakuta anga upande wa kaskazini imeingia wekundu. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: “Taa za kaskazini zimeonwa hapa Chicago!” Mjomba wangu wa Tanga akajibu: “Kwani za kusini umeme umekatika?” Watu wakacheka. Nilitakiwa kuandikaje?

JIBU: Mjomba hakukosea. Taa kwa Kiswahili ni chombo: kandili, karabai, koroboi, balbu ya barazani. Kuna aliyeiwasha na kuna atakayeizima. Kiingereza, kinachouita mwanga huu “Northern Lights”, hutumia neno moja, “light”, kwa chombo na kwa kile kinachotoka ndani yake. Sisi tumevitenga, taa hutoa mwanga. Kule angani hakuna taa. Kuna chembe zilizoletwa na upepo wa Jua, zinazoelekezwa na sumaku ya Dunia na kugonga hewa ya juu sana, nayo hewa hiyo ikang'aa. Basi ni mwanga.

Wengine husema nuru. Si kosa, ila kwangu nuru ina harufu ya mawaidha: nuru ya imani, nuru ya uso. Na sioni haja ya kung'ang'ania wingi, “mianga”, kwa sababu tu Kiingereza kimeweka wingi. Wajerumani wanatumia umoja na hawajapungukiwa. Waarabu wanasema “shafaki ya ncha”, yaani ya ncha ya Dunia, shafaki ikiwa ule wekundu unaobaki baada ya jua kuzama, ambao ukitoweka huingia wakati wa Isha. Ungemwambia mjomba kwamba shafaki ilirudi usiku mkubwa, angekuelewa mara moja.

Ila chunga upatanisho. Mwanga wa kaskazini *umeonekana*. Ukiteleza ukaandika *ameonekana*, mwanga anakuwa mchawi, na umetangaza kwamba mchawi kutoka kaskazini amepita Chicago, na kundi la ukoo halitalala. (Watu wa wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro, nao wana utani wao hapa, nawaachia.)

Sasa neno “kaskazini”, ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Ni kaskazi, ule upepo ulioleta majahazi kutoka Uarabuni, pamoja na -ni ya mahali: kunakotoka kaskazi. Kusini ni hivyo hivyo kwa kusi. Jina la kitaalamu la mwanga huu, *aurora borealis*, limejengwa kwa njia ileile: Aurora ni mungu wa mapambazuko wa Warumi, na Boreas ni upepo wa kaskazini wa Wagiriki. Ule unaoonekana upande wa pili wa Dunia huitwa *australis*, kutokana na Auster, upepo wa kusini wa Warumi. Mabaharia wa Lamu na washairi wa Roma walitaja pande za dunia kwa pepo zake bila kuulizana. Kwa hiyo anayesema “mwanga wa kaskazini” hajatafsiri Kiingereza. Amekaribia Kilatini kuliko Waingereza wenyewe.

“Zimeonwa” ni sarufi sahihi, lakini si chaguo zuri. -onwa hudai mtu aliyeona. -onekana husema tu kwamba jambo lilikuwa wazi kwa mwenye kutazama, na katika mji mkubwa tofauti hiyo ina uzito. Mwanga wa barabara na maghorofa humeza ule wa angani, na jicho usiku ni dhaifu kwa rangi. Wengi huona utando wa kijivu tu, kisha kamera ya simu iliyoachwa wazi sekunde chache huwaonyesha zambarau na kijani. Hao waandike “umeonekana kwenye kamera”. Ni uungwana.

Limebaki “hapa Chicago”. Mwanga wenyewe unaweza kuwa mbali sana kaskazini mwa mahali uliposimama. Kijani hukaa kilomita 100 na kitu juu ya ardhi, na ukiwa mbali kinafichwa na mviringo wa Dunia. Wekundu huanza kama kilomita 200 na kupanda zaidi, ndiyo maana watu walio kusini zaidi huona wekundu. Na tufanye haki: Chicago iko latitudo karibu sawa na Roma, takriban nyuzi 42, lakini ncha ya sumaku imeinamia upande wa Amerika, hivyo Chicago hubahatika zaidi. Hata hivyo si jambo la kila mwaka. Dhoruba ya sumaku ya usiku ule, yaani msukosuko wa sumaku ya Dunia unaoletwa na upepo wa Jua, ilifika daraja la juu kabisa, G5, ambalo halikuwa limefikiwa tangu Oktoba 2003.

Ugeni huo Kiswahili hakihitaji alama ya mshangao kuubeba. Kina “hadi”. Ningeandika: “Jana usiku mwanga wa kaskazini umeonekana hadi Chicago.” Mjomba akiuliza ulikuwa rangi gani, usihangaike na “nyekundu iliyoiva”. Mwambie damu ya mzee.