Jibu: Albamu ya kuanzia kwa anayetaka kuijua singeli

Ndugu yangu, umeuliza ni albamu ipi itakayokuonyesha singeli ya uswahilini, yaani ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, na kwa nini inayotajwa zaidi ilitolewa na lebo ya Kampala. Anza na Sounds of Sisso, mkusanyiko uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Uganda, ambao umeweka pamoja kazi za vijana wa studio ya Sisso ya Mburahati, Dar es Salaam, wakiwemo Bamba Pana, Jay Mitta na Makaveli. Lebo hiyo hushughulika hasa na muziki wa pembezoni, nayo ndiyo iliyowafikisha vijana hao kwa wasikilizaji wa Ulaya, wakati singeli ilikuwa imekwisha kuota mizizi Manzese na Tandale, kwenye vigodoro, yaani sherehe za mtaani zinazokesha hadi alfajiri.

Usikilize kwa utulivu, ikiwezekana kwa spika kubwa. Utasikia kipande kifupi cha kinanda, chenye ladha ya taarab, kikikatwa na kurudiwarudiwa kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika, huku mchanaji akimwaga maneno kana kwamba hahitaji kuvuta pumzi. Wageni wengi husifu kasi hiyo peke yake, jambo ambalo naliona ni hasara kubwa, kwa kuwa sisi tunayaelewa maneno, na humo ndimo yanamosimuliwa maisha ya mtaani.

Ukishaizoea, tafuta Sounds of Pamoja ya mwaka 2022, iliyotengenezwa na mtayarishaji wa muziki Duke, ambamo wachanaji wamepewa nafasi pana.