Askari wa shule amemzoea mwanangu: nifurahi au niogope?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu na huu ni mwaka wangu wa 6 hapa Ohio, Marekani. Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, yuko darasa la 9. Mwaka jana alianza utoro, akapigana mara moja, na shule ikamweka katika orodha ya wanafunzi wa kuangaliwa kwa karibu. Sasa polisi aliyepangwa shuleni kwao amemzoea mno. Kila asubuhi husimama mlangoni na kumsalimu kwa jina. Alipogundua kuwa kijana huchelewa kwa sababu lazima kwanza amsindikize mdogo wake kwenye basi la shule ya msingi, maana mimi huwa kazini tangu alfajiri, alikwenda mwenyewe kulieleza jambo hilo kwa wanaoshughulikia mahudhurio. Mwanangu anamsifu kila siku. Lakini nilikokulia mimi, polisi akishalijua jina lako, basi una kesi. Je, niuvunje urafiki huu?
Mama Watatu, Ohio

JAWABU: Marahaba, mama. Usiuvunje, ila usiuache ujiendee wenyewe.

Habari ya basi ndiyo iliyonifanya niseme usiuvunje. Mtoto mtoro huulizwa na watu wengi kwa nini amechelewa, na wengi wao huwa wameshaandika jibu kabla hajafungua mdomo. Huyu alisubiri akasikia sababu, kisha akaipeleka kwa mwenye uwezo wa kuitatua, bila kumtangaza kijana wala kumdai shukrani. Kijana aliyekwisha kuitwa mkorofi huanza kurudi darasani kwa mambo madogo kama hayo, hasa yakirudiwa siku baada ya siku na mtu yuleyule.

Hata hivyo, ni vyema uielewe kazi yake. Mpango wa kuweka askari shuleni ulianza nchini humo miaka ya 1950, katika mji wa Flint, Michigan, na tangu mwanzo ulikusudiwa kujenga ukaribu kati ya polisi na vijana. Chama chao cha kitaifa, kilichoundwa mwaka 1991, hufundisha kwamba askari wa shule ana nafasi tatu kwa pamoja: ni mlinzi wa sheria, ni mwalimu, na ni mshauri asiye rasmi. Nafasi hizo hukaa pamoja vizuri hadi siku mtoto atakapomwambia mshauri jambo ambalo mlinzi wa sheria hawezi kulifumbia macho. Mshauri wa wanafunzi aliyeajiriwa na shule hufungwa na maadili ya kutunza siri, isipokuwa pale usalama wa mtoto au wa mwingine unapokuwa hatarini. Askari hafungwi hivyo, na anachoambiwa kwenye korido kinaweza kuandikwa katika taarifa ya polisi. Huo si usaliti, ndiyo kazi aliyoapishwa kuifanya, na askari mwaminifu humweleza mtoto jambo hilo mapema, kabla mazoea hayajawa makubwa.

Iko kesi inayolionyesha jambo hili kwa karibu sana. Huko North Carolina, mtoto wa miaka 13 alitolewa darasani na askari mwenye sare, akaingizwa katika chumba cha mikutano cha shule, mlango ukafungwa, akahojiwa kwa nusu saa au zaidi kuhusu wizi uliotokea mtaani kwao. Bibi yake aliyekuwa mlezi wake hakupigiwa simu, wala mtoto hakuelezwa kwamba ana haki ya kunyamaza. Alikiri. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba umri wa mtoto lazima uzingatiwe pale inapopimwa kama anayehojiwa na polisi yuko chini ya ulinzi, kwa maana mtoto hujiona amebanwa mahali ambapo mtu mzima angejiona yuko huru kuinuka na kuondoka.

Kwa hiyo, kaa na mwanao umweleze tofauti hii: kuzungumza na afande habari za mpira, masomo, basi la mdogo wake, au mtu anayemwonea, ni sawa, lakini siku swali likihusu kosa, liwe lake au la rafiki yake, aseme kwa adabu kwamba angependa mzazi wake na wakili wawepo kwanza. Mwambie na hili, kwamba kusema hivyo si kumkosea heshima rafiki yake mwenye sare.

Kisha nenda ukaonane naye. Muulize nani alimwomba amfuatilie mwanao, na anachokiona humpelekea nani. Uliza pia kama kuna makubaliano ya maandishi kati ya shule na idara ya polisi, na yanasemaje kuhusu kumhoji mwanafunzi. Ile orodha nayo usiipuuze. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 humpa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za elimu za mtoto wake. Omba kwa maandishi, na shule haipaswi kuzidisha siku 45 kukuonyesha.

Wala usidhani hofu yako ni ya ugeni tu. Takwimu za wizara ya elimu ya nchi hiyo zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wanafunzi weusi hukamatwa shuleni kwa kiwango kinachozidi idadi yao, na mwaka 2020 bodi ya shule za Minneapolis ilivunja mkataba wake na polisi wa mji huo.

SWALI: Mimi ni askari niliyehamishwa kutoka doria kwenda shule ya vijana wa miaka 11 hadi 14. Nimepewa majina ya wanafunzi walio hatarini kupotea, lakini wakiniona wanatawanyika. Nianzie wapi?
Afande Mgeni, Iowa

JAWABU: Afande, usianzie na hayo majina. Ukiwasalimu hao peke yao, wenzao wataijua orodha yako yote kwa kutazama unaposimama. Salimia wote, jifunze majina ya wote, na redio yako uipunguze sauti. Makosa ya simu, kofia na kuchelewa mwachie mwalimu mkuu. Chama chenu chenyewe kinasisitiza kwamba askari asiwe mtoa adhabu za kawaida za shule. Mazungumzo yenu yawe mahali penye kuonekana, usimpe mtoto fedha wala lifti, na usiandikiane naye ujumbe wa faragha. Akikueleza la nyumbani linalokuzidi, usimwelekeze tu kwa mshauri wa wanafunzi, bali mfuatane mpaka mlangoni, umtambulishe, kisha wewe uondoke.

Itafika siku utamkamata mmoja uliyekwisha kumzoea. Hapo wengi huanza kumkwepa mtoto kwa aibu, naye huamini kwamba salamu zote zile zilikuwa chambo. Siku atakayorudi shuleni, uwe mlangoni kabla ya kengele, umsalimu kama ulivyokuwa ukimsalimu, na kesi yake usiitaje kabisa. Akiitaja yeye, mwambie hayo azungumze na wakili wake, kisha muulize kama amekula.