Tuisheni ndogo ndiyo chuo cha bei nafuu?

SWALI: Habari ndugu bursa. Binti yangu kamaliza S6 (kidato cha sita), kapata nafasi vyuo viwili, kozi ileile ya miaka mitatu. Cha hapa Arua, Uganda, tuisheni, yaani ada ya masomo, ni shilingi 1,400,000 kwa semista, cha Kampala ni 900,000. Kuna kijana pia anasema nikimtumia 200,000 atampatia basari (ufadhili) ya nusu hukohuko Kampala. Mimi naona Kampala ndiyo nafuu lakini baba yake anakataa. Karatasi za fiis (ada) za vyuo vyote viwili nimekutumia. Nisaidie. (Mama, Arua)

JIBU: Mama, mzee wako yuko sawa. Miaka yote niliyokaa kwenye dirisha la bursa, pale ada za chuo zinapolipwa, hili ndilo jambo linaloniumiza zaidi, mzazi anakuja na namba moja kichwani, tuisheni, anaishika kama ndiyo bei yote ya digrii, halafu semista ya tatu anarudi analia kwa sababu mtoto amezuiwa mlango wa mtihani, anadaiwa vitu ambavyo hakuna mtu aliyemwambia. Tuisheni ni kipande tu, na mara nyingi wala si kipande kikubwa.

Shika hizo karatasi mbili. Ya Kampala geuza nyuma, pale wameandika kwa herufi ndogo ada za fankshonali, yaani za huduma nje ya tuisheni: usajili, maktaba, mtihani, kompyuta, kitambulisho, gildi (chama cha wanafunzi), matibabu, jumla 550,000. Hosteli ya kawaida weka 800,000. Chakula, hata akila roleksi (chapati ya mayai) asubuhi na posho na maharage jioni, weka 10,000 kwa siku, wiki 17 ni 1,190,000. Tuisheni ukiiongeza hapo tumefika 3,440,000 kwa semista na sijagusa nauli ya basi wala fotokopi. Sasa ya Arua: tuisheni 1,400,000, fankshonali 300,000, boda ya 4,000 kwenda na kurudi siku tano za wiki inafika 340,000, na chakula anakula kwako, chungu kilekile mnachopika. Jumla 2,040,000. Hicho unachokiita nafuu kinakuzidi 1,400,000 kila semista, na semista ziko sita, yaani 8,400,000.

Halafu kuna muda, na huu wazazi hawauulizi kabisa. Kozi ya miaka mitatu ikiisha kwa miaka minne, hosteli unalipa tena, chakula tena, fankshonali tena. Na kinachochelewesha ni vitu vinavyoonekana vidogo: riteki, yaani kurudia somo moja ambalo linafundishwa mara moja tu kwa mwaka, maksi zimepotea na mwanafunzi hakuzifuatilia mapema, msimamizi wa risachi ana wanafunzi wengi mpaka hajibu simu. Kwa hiyo ukifika chuoni uliza walioingia miaka mitatu iliyopita wangapi wamegradweti kwa wakati, na waulize wanafunzi wenyewe nje ya geti, usiishie ofisini.

Najua watu watasema vyuo vinatoza kwa tamaa. Tamaa ipo, sikatai. Lakini mwalimu kusahihisha karatasi mia za mtihani kunamchukua saa zilezile za zamani, na mshahara wake lazima uende na wa wengine la sivyo anaondoka, mchumi wa Marekani William Baumol alilieleza hili tangu miaka ya 1960. Chuo binafsi mishahara hiyo inatoka kwenye fiis. Sasa chuo kikikutangazia tuisheni ya chini sana ujue kuna mahali kinafidia, ama kwenye fankshonali, ama kinachukua walimu wa muda wanaokimbia vyuo vitatu kwa wiki, na huko ndiko maksi zinakopotelea, halafu tumerudi kwenye mwaka wa nne.

Na fiis hazikai mahali pamoja. Makerere mwaka 2018 walianza kupandisha 15% kila mwaka kwa wanaoingia wapya, mpango ulikuwa wa miaka mitano, wanafunzi wakaandamana Oktoba 2019. Piga hesabu, 15% mara tano mfululizo fiis inakuwa mara mbili. Kwa hiyo omba chuo kikuandikie kama binti atalipa fiis ya mwaka alioingia mpaka amalize. Kwa mdomo haitoshi.

Sasa huyo kijana wa laki mbili. Mama, usimtumie hata mia! Hawa mabroka wamejaa kwenye WhatsApp kila matokeo ya S6 yakitoka na wamewamaliza wazazi wengi. Hizo basari za nusu nilizoziona mimi, nyingi ni tuisheni tu imekatwa, fankshonali imebaki nzima, na broka ana kamisheni yake ya chuo kwa kila kichwa anacholeta. Unamlipa mtu ambaye tayari amelipwa. Na anapeleka watoto kwenye kozi ambazo hata kibali hazina. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, orodha ya kozi zenye kibali iko kwenye tovuti yao, tafuta jina la kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na leseni na kozi muda wake ukawa umekwisha, mwaka 2023 tuliona kelele yake hata kwa vyuo vikubwa.

Kama pesa ndiyo shida, kuna mkopo wa serikali wa HESFB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, upo tangu 2014. Unalipa tuisheni, fankshonali na risachi moja kwa moja chuoni, hosteli na chakula havimo, ndiyo maana kusomea nyumbani kunaendana nao vizuri. Kurudisha anaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza. Si kila kozi inakubaliwa, kwa hiyo aangalie kwanza kama yake imo kabla hamjalipa kitu chochote, fomu ajaze mwenyewe, na yeyote atakayesema anaweza kuusukuma huo mkopo kwa pesa kidogo, mfukuzeni nyumbani.